Mwongozo Kamili kwa Familia ya Afrika Mashariki Inayojiandaa Kwenda Papua Guinea Mpya kwa Kazi ya Kutafsiri Biblia

Miongozo mingi inayoeleza namna familia ya wamishonari inavyojiandaa kwenda ng'ambo imeandikwa kwa ajili ya watu watokao Ulaya, Marekani na Australia, na kwa hiyo huchukulia kwamba familia ni baba, mama na watoto wao, basi. Mtu wa kwetu akiifuata hatua kwa hatua atafika mwisho akiwa na viza, chanjo na masanduku, lakini atakuwa hajajibu swali ambalo mama yake mzazi atamuuliza usiku wa kuamkia safari. Mimi na mume wangu tulijiandaa kwa muda wa karibu miaka mitatu, na utaratibu ninaouandika hapa ni ule ambao ningependa tungeufuata tangu siku ya kwanza.

Nimeichukua Papua Guinea Mpya kuwa mfano kwa sababu ndiyo nchi yenye lugha nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya 800, nyingi zikiwa na wasemaji wachache kuliko wakazi wa kata moja ya kwetu. SIL, shirika la wataalamu wa lugha na tafsiri ya Biblia, lilianza kazi huko mwaka 1956, na kituo chake kikubwa kiko Ukarumpa, katika Mkoa wa Eastern Highlands. Anayekwenda kwingine atabadilisha majina ya miji na dawa; mengine yatabaki yale yale.

Hatua ya kwanza: Ijue kazi ilivyo leo

Wapo wanaodhani kwamba mmishonari hujifungia chumbani na kamusi, akatoka baada ya miaka akiwa na kitabu mkononi. Siku hizi anayeandika rasimu ni mwenyeji, mtu aliyenyonya lugha ile kwa mama yake, na mgeni huja kuwa mwalimu wa isimu, mfafanuzi wa maandiko, mtaalamu wa kompyuta au mwezeshaji wa madarasa ya kusoma na kuandika. Rasimu hukaguliwa na timu nzima, kisha hupelekwa kijijini na kusomwa mbele ya watu ambao hawakushiriki kuitafsiri, wakaulizwa walichoelewa. Baadaye hutafsiriwa tena kwa lugha ambayo mshauri wa tafsiri anaifahamu, ili naye aipime mstari kwa mstari. Agano Jipya peke yake mara nyingi huchukua miaka kumi au zaidi.

Familia isikubali kuondoka kabla mume na mke, kila mmoja kwa kinywa chake, hawajasema watakuwa wakifanya nini siku ya Jumanne ya kawaida kijijini. Nimeona mara nyingi kazi ya mume ikiandikwa kurasa nne, na ya mke ikaandikwa “atamsaidia mumewe”. Huyo mke atachoka kabla ya mwaka kwisha, na akichoka yeye, familia yote inarudi.

Hatua ya pili: Kaa na ukoo

Hii ndiyo hatua ambayo sisi tuliichelewesha, na ndiyo iliyotugharimu zaidi. Tulikuwa tumekwisha kukubaliwa, tumeanza kuchangisha, ndipo nikaenda kumwambia mama. Nilimkuta uani akipepeta mchele. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza maelezo yangu yote, akaweka ungo chini, akaanza kuchagua mawe moja moja kwa kidole, kisha akauliza: “Mwanangu, na mimi nikifa, utafika lini?” Nilikuwa na majibu ya maswali ya bodi nzima ya shirika, lakini hilo sikuwa nimelifikiria.

Kwa hiyo itisheni kikao cha ukoo wa pande zote mbili mapema, kabla ya kuwatangazia wafadhili, na msiende kutoa taarifa bali kuomba baraka. Mwende na mzee wa kanisa au mchungaji anayeheshimiwa na wazee wa nyumbani. Katika kikao hicho kuna mambo manne ambayo ni lazima yasemwe kwa uwazi na kuandikwa katika daftari la ukoo.

La kwanza ni msiba. Kubalianeni nani atasimama kwa niaba yenu mwili ukiwa nyumbani, maziko yatasubiri siku ngapi, na kwa misiba ipi mmoja wenu atarudi. Kutoka kijiji cha milimani mpaka Port Moresby, mji mkuu, na kutoka huko mpaka Nairobi au Dar es Salaam, ni safari ya siku kadhaa hata kama nauli ipo mkononi, na ukoo ukilijua hilo mapema hautaliona kuwa dharau siku ya siku. Tengeni fungu la msiba, yaani nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi, ambalo haliguswi kwa jambo lingine lolote.

La pili ni ada za wadogo zenu na matunzo ya wazazi. Kama mnalipa karo ya mdogo wenu aliyeko kidato cha pili, mzigo huo hautakufa kwa sababu mmeitwa kwenye huduma. Ama ndugu mwingine aupokee mbele ya wote, ama muuingize katika bajeti yenu na kuwaeleza wafadhili wazi kwamba sehemu ya mchango wao itawatunza wazee. Baadhi ya wenzetu wanaficha kipengele hiki wakiogopa kuonekana hawana imani. Mimi naamini kukificha ndiko kunakovunja uaminifu, kwa sababu fedha hizo zitatumwa nyumbani vyovyote vile.

La tatu ni shamba, nyumba na mifugo: nani atalima, mavuno ni ya nani, na nani hana ruhusa ya kuuza. Hati ya uwakili iandikwe mbele ya mwanasheria. La nne ni watoto wenu, endapo ninyi wawili mtapatwa na jambo. Wazungu huandika wosia wakiwa vijana. Sisi huona kama kujitabiria kifo. Andikeni.

Hatua ya tatu: Kanisa na shirika

Kanisa la nyumbani ndilo linalotuma, na shirika ni chombo cha kupitia. Utaratibu huo ukipinduliwa, familia hujikuta haina watu wa kuiombea wala wa kuiuliza maswali magumu. Nchini Kenya, shirika la Bible Translation and Literacy limekuwa likifanya kazi hii tangu mwaka 1981, nalo lina uzoefu wa kuwaelekeza wanaotaka kuanza. Shirika lolote makini litadai barua za wadhamini, uchunguzi wa afya, mahojiano na mtaalamu wa saikolojia, na maelezo ya imani yenu kwa maandishi. Msilichukulie swali la ndoa yenu kuwa ni uchunguzi usio na adabu. Kijijini, ambako mtakuwa hamna ndugu wala rafiki wa kumwendea jioni, ndoa hubeba mizigo ambayo hapa nyumbani hubebwa na watu ishirini.

Hatua ya nne: Masomo

Mwenye kazi ya isimu au ya ushauri anahitaji masomo rasmi, na si lazima avuke bahari kuyapata: Africa International University iliyoko Karen, Nairobi, imefundisha taaluma ya tafsiri kwa miaka mingi. Masomo ya msingi ni fonetiki, uchambuzi wa sarufi, ufafanuzi wa Biblia, nadharia ya tafsiri, na walau Kigiriki cha kuanzia. Mjizoeze pia programu ya Paratext, ambayo watafsiri wengi wa Biblia duniani huitumia kuandika na kukagua kazi yao, mpaka muweze kuitumia bila kumwita mtu.

Hapa niseme jambo la kutia moyo. Mtu aliyekulia katika lugha za Kibantu haendi mikono mitupu. Sauti za mb, nd na ng mwanzoni mwa neno, ambazo humsumbua Mwingereza, zimo katika lugha nyingi za Papua, nasi huzitamka usingizini. Aliyekulia katika Kikuyu, Kisukuma au Kijaluo ana sikio la toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, ambalo Kiswahili peke yake hakimpi. Na kitenzi kilichojaa viambishi hakimtishi mtu anayesema “sitakuandikia” kila siku.

Hata hivyo, zipo sehemu ambazo Kiswahili chenyewe hutuficha maana, na ni vizuri kuanza kuziona kabla ya kuondoka. Chukua neno “sisi”. Katika Tok Pisin, lugha inayowaunganisha wananchi wa Papua Guinea Mpya, kuna “yumi”, yaani sisi pamoja nawe ninayesema nawe, na kuna “mipela”, yaani sisi bila wewe. Lugha nyingi za vijijini huko zina utengano huo huo. Sasa soma Marko 4:38, wanafunzi wakiwa chomboni katika dhoruba: “Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?” Katika Kiswahili tunapita bila kusita. Mtafsiri wa huko hawezi kupita, kwa maana ni lazima achague: je, wanafunzi walidhani Yesu naye angezama pamoja nao, au walijihesabu wao tu? Akiandika moja, msikilizaji atasikia hofu ya watu waliomwona Bwana wao kuwa mwanadamu kama wao. Akiandika nyingine, atasikia lawama. Kigiriki hakimsaidii, kwa sababu nacho kina “sisi” moja. Sala ya Bwana ni rahisi zaidi, kwa kuwa anayesemeshwa ni Mungu mwenyewe, naye hana baba. Ndiyo maana katika Tok Pisin huanza kwa “Papa bilong mipela”, si “bilong yumi”.

Fanyeni zoezi hili nyumbani: chukueni sura moja ya Marko, mpigie mstari kila “sisi”, “-etu” na kiambishi “tu-”, kisha jadilianeni kila kimoja kama anayesemeshwa yumo au hayumo. Sisi tulilifanya mezani baada ya chakula cha jioni, watoto wakiwamo, na binti yetu mkubwa akawa mwepesi wa kuona kuliko baba yake.

Hatua ya tano: Fedha

Makanisa yetu ni hodari wa harambee. Tatizo ni kwamba harambee huleta fedha nyingi siku moja, ilhali mmishonari hula kila mwezi. Kwa hiyo hesabuni vitu viwili tofauti na msivichanganye kamwe: gharama za kuanzia, kama nauli, vibali, masomo na vifaa, ambazo harambee inazifaa, na matumizi ya kila mwezi, ambayo hutegemea ahadi za watu wanaotuma kiasi kidogo bila kukoma. Ahadi ya shilingi kidogo kutoka kwa mama anayeuza samaki, anayoituma kwa simu kila tarehe tano, naithamini kuliko hundi kubwa inayokuja na mpiga picha.

Bajeti ya mwezi iandikwe kwa kina, ambayo ndiyo sarafu ya Papua Guinea Mpya, kisha ndipo igeuzwe kuwa shilingi, na muweke nafasi ya kushuka kwa thamani. Ingizeni bima ya afya yenye kusafirisha mgonjwa kwa ndege, usafiri wa ndege ndogo kwenda kijijini kwa mahali pasipo na barabara, ada za shule, akiba ya uzeeni, fungu la msiba na matunzo ya wazazi. Msiondoke kwa ahadi nusu mkitumaini nyingine zitajileta. Wachangiaji huongezeka familia ikiwa inaonekana kanisani, na ikishaondoka hupungua.

Hatua ya sita: Hati

Anzeni na pasipoti za wote, kisha vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, cheti cha polisi cha tabia njema, na vyeti vya elimu vilivyothibitishwa. Kibali cha kuingia kwa kazi ya kanisa huombwa kwa kupitia shirika linalowapokea, na hakuna haja ya kukata tiketi kabla hakijatoka. Angalieni pia nchi za kupitia: njia ya Brisbane au Cairns inaweza kuwadai viza ya Australia hata kama hamtoki uwanjani, na familia isiyojua hilo huzuiwa kupanda ndege ikiwa bado Afrika.

Hatua ya saba: Afya

Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alitua Mombasa mwezi wa Mei 1844, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka huo huo, na kabla Julai haijaisha alikuwa amemzika mkewe Rosine na binti yao mchanga, wote wawili kwa ajili ya homa. Nalitaja kwa heshima, kwa sababu Biblia tunayoisoma ina makaburi hayo mwanzoni mwake, na kwa sababu ugonjwa ule ungali unawasubiri watafsiri wa leo.

Msidanganyike kwamba Mwafrika ameizoea malaria. Kinga ya mtu aliyekulia pwani au kandokando ya ziwa hupungua akikaa mbali na mbu, na mtoto aliyelelewa Nairobi au Arusha huenda hana kabisa. Papua Guinea Mpya ina aina ya falsiparamu tunayoifahamu, na pia ina malaria ya vivaksi kwa wingi, ambayo hujificha katika ini na kurudi baada ya wiki au miezi. Waafrika wengi wana kinga ya kurithi dhidi ya vivaksi, lakini haiwakingi wote wala si kinga kamili. Dawa ya kuiondoa katika ini, primakwini, inaweza kubomoa chembe za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo si jambo geni katika jamii zetu, hasa za ukanda wa pwani na maziwa. Kwa hiyo pimeni G6PD mkiwa bado nyumbani, kila mmoja, mwandike majibu katika kadi ya afya. Pimeni selimundu pia. Muulizeni daktari kuhusu dawa ya kinga inayofaa kila umri, kwa maana doksisaiklini haipewi watoto wadogo wala mama mjamzito. Dawa mseto tunayoiita ALu hutumika huko pia, kwa hiyo mtaitambua.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe walau siku kumi kabla ya safari, kwa kuwa cheti huanza kufanya kazi baada ya siku hizo, na Kenya na Uganda zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Meno yashughulikiwe yote kabla ya kuondoka. Miwani mchukue miwili miwili.

Hatua ya nane: Watoto

Ukarumpa kuna shule ya msingi na ya sekondari iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa wamishonari, lakini mtaala wake hauandai mtoto kwa mitihani ya NECTA wala ya Kenya. Amueni mapema mtoto atarudi katika mfumo upi na akiwa na umri gani, mkae na mwalimu mkuu wa shule ya nyumbani, mpate silabasi na vitabu. Kiswahili ndicho kitakachokufa kwanza kama hamkukiwekea saa yake. Mtoto atasoma kwa Kiingereza, atacheza kwa Tok Pisin, na baada ya miaka mitatu atashindwa kuongea na bibi yake. Kwetu tulikubaliana kwamba mezani na kitandani ni Kiswahili tu, na sala ya usiku husaliwa kwa lugha ya bibi.

Waruhusuni kulia. Mwana wetu hakuililia nyumba wala marafiki. Alimlilia mbuzi wake, naye tukamwacha amkabidhi kwa binamu yake kwa mkono wake mwenyewe.

Hatua ya tisa: Mizigo

Chukueni kidogo. Nguo na vyombo hupatikana Lae, Goroka na Port Moresby. Vinavyostahili nafasi ni kompyuta imara na diski za nje mbili, paneli ndogo ya sola, vitabu vya Kiswahili vya watoto, Biblia za lugha mnazozijua, na adapta za umeme, maana volti ni 240 kama kwetu lakini soketi ni ya pini za mshazari kama za Australia. Nakala za kazi zihifadhiwe mahali pawili tofauti tangu siku ya kwanza.

Hatua ya kumi: Miezi ya kwanza

Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Tok Pisin, kisha lugha ya kijiji. Sentensi ya kuanza nayo ni “Mi laik lainim tok ples bilong yupela”, yaani nataka kujifunza lugha ya kwenu, na mkiisema huku mmeketi chini mkimenya kaukau, yaani viazi vitamu, mtapata walimu wengi. Biblia nzima ya Tok Pisin ipo tangu 1989, nayo ni kitabu bora cha mazoezi, kwa sababu mnaijua habari yake tayari.

Mtawakuta watu wanaoishi kwa “wantok”, undugu wa lugha moja, ambapo mwenye chumvi hawezi kumnyima ndugu yake. Hamtahitaji kuelezwa. Mtawakuta pia wakitoa mahari, wakikaa vikao, wakimaliza ugomvi kwa karamu, na mtajiona nyumbani kuliko mgeni mwingine yeyote. Tahadhari yangu ni kwamba kufanana huko kusiwafanye mwache kuuliza. Nguruwe, kwa mfano, ndiye fahari ya sherehe za nyanda za juu, naye huokwa ardhini juu ya mawe ya moto. Kama familia yenu haili nguruwe, amueni kabla ya kufika jinsi mtakavyokataa kwa adabu na mtakachokubali badala yake, kisha mlieleze mapema kwa mwenyeji wenu, si mbele ya sinia. Waadventista ni wengi nchini humo, kwa hiyo jambo lenyewe linaeleweka likisemwa kwa upole.

Wekeni saa ya kupiga simu nyumbani na msiibadilishe. Wao wametutangulia kwa saa saba. Mtandao ukikubali, saa mbili usiku huko ni saa saba mchana Dodoma, watu wametoka kanisani, mama ameketi, na simu iko mikononi mwa mjukuu anayejua kuiwasha.